Wacheni Kutu Ikae

Kwa miezi saba mwaka jana nililipia keja kwa kuandika kuhusu bunduki ambazo sijawahi kushika.

Mboka yenyewe ilikuwa hivi. Kuna jamaa ng'ambo mwenye chaneli ya video za kufufua vitu vya zamani. Yeye anarekodi mikono ya fundi, mimi naandika maneno yanayosomwa juu ya hiyo mikono. Shilingi 700 kwa kila skripti, pesa inaingia kwa simu Ijumaa kama Mungu yuko upande wako. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, kwa sababu ambayo nusu yenu mnaijua bila kuelezwa: karo. Kwa hivyo kitu cha kwanza duniani kunilipa kwa kujua springi na skrubu kilikuwa bunduki ya Kimarekani, katika nchi ambayo ukipatikana nayo bila cheti, sheria ya bunduki, Sura ya 114, inakungoja mlangoni.

Bunduki zenyewe ni zile za leva. Umeziona kwenye sinema za makauboi. Chini ya kifyatulio kuna kishikio cha chuma kama sikio la kikombe. Ukikisukuma chini, ganda lililotumika linaruka nje na nyundo inalala nyuma. Ukikirudisha juu, risasi mpya inaingia. Chak-chak. Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya aina moja mwaka 1860, halafu Winchester wakaifanya biashara kubwa. Winchester ya 1873 peke yake zilitengenezwa zaidi ya 720,000.

Skripti zangu zote zilikuwa na uti wa mgongo mmoja. Bunduki inaletwa mezani ikiwa na kutu kama mabati ya choo cha shule. Unaanza na skrubu moja nyuma ya nyundo. Ikitoka, kitako cha mbao kinavutika. Halafu nyundo na springi yake, leva, kabari inayofunga boliti, boliti yenyewe. Kila kipande kinalazwa juu ya kitambaa kwa mpangilio kilivyotoka, maana njia ya kurudi ni ile ile kinyumenyume. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Kufungua kitu na kukifunga tena kikafanya kazi ni heshima, na fundi wa Kamukunji anayefanya hivyo na jenereta yako kila wiki anastahili digrii kuliko mimi niliyeikosa.

Ugomvi wangu unaanza dakika ya tisa, gurudumu la kung'arishia linapowashwa.

Kutu inaondoka, sawa. Lakini na rangi ya asili inaondoka. Mikwaruzo inaondoka. Herufi ambazo mtu alizichora kwa kisu kwenye kitako zinapigwa msasa mpaka mbao inakuwa laini kama shavu la mtoto. Skrubu za zamani zinatupwa, mpya zinawekwa. Chuma kinachovywa dawa kinatoka cheusi chenye ubuluu, kinawaka. Mwisho kila kitu kinarudi mahali pake, leva inapigwa mara mbili mbele ya kamera, na watu elfu kumi wanaandika chini: kama imetoka kiwandani jana! Mimi ndiye niliyekuwa naandika sentensi ya kufunga: "Sasa imezaliwa upya." Nimeiandika kama mara arobaini. Leo nataka kuifuta. Ile bunduki ilikuwa inaongea, tukainyamazisha, tukaita huko kunyamazisha kazi nzuri.

Inaongea vipi? Chukua skrubu. Skrubu za bunduki ya zamani zina mfereji mwembamba, na bisibisi isipoingia sawasawa inautafuna. Ukikuta skrubu iliyotafunwa, unajua kuna mtu aliifungua kwa haraka, labda usiku, labda kwa ncha ya kisu, akiwa na shida kuliko vifaa. Hicho ni kisa kizima kwenye kichwa cha skrubu. Au chukua tumbo la bunduki, pale katikati uzito unapolingana. Ukibeba bunduki kwa mkono mmoja ndipo kiganja kinakaa. Mkono ukikaa hapo miaka, jasho na ngozi vinakula rangi, na chuma kinabaki na doa jeupe la fedha. Ni alama ya kiganja iliyochukua miaka kuandikwa. Swali ni moja tu: kiganja cha nani?

Hapo ndipo stori inatua kwetu.

Aprili 1909 Theodore Roosevelt alishuka Mombasa, wiki chache tu baada ya kuondoka ikulu ya Marekani, pamoja na mwanawe Kermit. Kati ya bunduki zake kulikuwa na Winchester ya 1895, kazi ya John Browning, yenye sanduku la risasi tumboni badala ya lile bomba refu chini ya mtutu. Aliipenda kwa simba. Kwa hesabu aliyoichapisha mwenyewe mwaka 1910, baba na mwana waliua wanyama 512. Walikuja na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Tani nne! Wazia hizo gunia juu ya vichwa vya watu, kutoka stesheni hadi porini.

Na bunduki nazo zilibebwa. Wazungu wa safari walikuwa juu ya farasi saa nyingi. Silaha zilikuwa mikononi mwa wabeba bunduki. Wao ndio waliozibeba kutwa, wakazisafisha jioni, wakazinyoosha mbele simba alipotokea. Kitabu cha Roosevelt kinawataja: Bakari, Kassitura, Juma Yohari. Basi shika bunduki yoyote ya leva ya enzi ile iliyozunguka Kapiti au Sotik, tafuta lile doa la fedha tumboni, uniambie. Mwenye bunduki aliigusa dakika ambazo alikuwa anafyatua. Aliyeibeba ndiye aliyeacha kiganja.

Huyo mtu hana sanamu. Hana barabara Nairobi. Saini yake pekee kwenye historia hiyo yote ni doa la ukubwa wa chapati ndogo kwenye chuma. Halafu anakuja fundi mwenye glavu nyeusi na mashine ya kung'arisha, dakika ya tisa, na kulifuta, na watu wanapiga makofi.

Niliandika sentensi mbili kuhusu Bakari kwenye skripti ya Winchester ya 1895. Zilirudi zimepigwa mstari mwekundu: toa siasa, watu wanakuja hapa kupumzika. Nikatoa. Nilikuwa na kodi ya kulipa. Makala hii ni zile sentensi mbili, zimerudi na ndugu zao.

Najua mtaniambia nini. Mtasema kutu ni ugonjwa, ukiiacha inakula chuma mpaka kinakuwa unga. Kweli, kuna kutu inayokula, ile nyekundu inayobaki kwenye vidole. Hiyo izuieni. Na njia ipo isiyohitaji msasa: chuma kinachemshwa kwenye maji safi, ile nyekundu inageuka nyeusi na kutulia, unaipiga burashi polepole, unapaka mafuta, unaacha. Springi iliyovunjika badilisha, lakini ile ya zamani iweke kwenye bahasha na uandike ilitoka wapi. Kuzuia kitu kisife ni tofauti na kukilazimisha kijifanye hakijawahi kuishi.

Wala hii si ndoto ya mtu ambaye hajawahi kushika bunduki. Novemba 2014, huko Nevada, wanaakiolojia wa hifadhi ya Great Basin walikuta Winchester ya 1873 imeegemezwa kwenye mti wa jamii ya mtarakwa. Ilikuwa imekaa hapo muda mrefu mpaka mbao imekuwa ya kijivu na kupasuka, mtutu umekuwa wa kahawia kama gome la ule mti, na chini ya kitako kumefunikwa na udongo. Kumbukumbu za kiwanda zilionyesha ilitengenezwa mwaka 1882. Nani aliiegemeza pale na kwa nini hakurudi, hakuna ajuaye.

Sasa fikiria hiyo bunduki ingeletwa kwa bosi wangu. Dakika kumi na nane, video ya mwaka. Badala yake ilipelekwa kwa wataalamu wa jumba la makumbusho la bunduki huko Cody, Wyoming. Wakaipiga eksirei kama mgonjwa, kuona kama ina risasi ndani. Haikuwa nayo kwenye mtutu, lakini kwenye kijishimo ndani ya kitako kulikuwa na risasi moja, imewekwa akiba na mtu. Wakaimarisha mbao isiendelee kubomoka, wakasafisha kidogo, wakaacha. Mpasuko wanao. Kutu wanayo. Ukiitazama leo unaiona ile miaka ya jua na theluji kwa macho yako, na ndio maana watu waliipenda. Winchester za 1873 zinazong'aa ziko tele. Hii ni moja.

Hata soko linajua. Wakusanyaji wakubwa hulipa zaidi kwa bunduki yenye rangi yake ya kwanza iliyochakaa kuliko iliyopakwa upya. Kwa hivyo video hizi zinaharibu historia na bado zinaharibu bei. Hasara mara mbili, kwa sababu ya utamu wa kuangalia uchafu ukitoka.

Ule utamu naujua. Ulinipata mimi mwenyewe, na sikuwa na bunduki.

Desemba nilienda nyumbani kwa cucu. Pale kuna kigoda cha guka, miguu mitatu, kimechongwa kwa gogo moja, cheusi kwa moshi na mafuta. Nilikuwa nimetoka kuandika skripti yangu ya thelathini na kitu, mikono inaniwasha. Nikanunua msasa wa shilingi hamsini na kopo la vanishi. Siku nzima nilisugua. Kilikuwa na mikato midogo pembeni kote, kama kimetafunwa na panya, nikaisawazisha moja moja kwa tupa mpaka ukingo ukawa duara safi. Nikapaka vanishi mara tatu. Jioni kilikuwa kinawaka kama viti vya hoteli. Nikamwita.

Cucu hunitania ananiita mume wake, kwa sababu nimebeba jina la guka. Alikuja akasimama. Akapitisha kidole kwenye ukingo, akazunguka, akazunguka tena. Akaniuliza kwa Kikuyu, bila hasira: "Mume wangu, na hesabu umeiweka wapi?"

Guka hakujua kusoma. Alipokuwa analipia hisa kwenye kampuni ya kununua mashamba, kila akitoka kulipa alikuwa anakaa na kisu na kukata alama moja kwenye kigoda, kwa sababu karatasi walizompa hakuziamini. Na hakukosea. Risiti zingine zilipotea, zingine mchwa wakala, na siku ya kugawa ardhi akapewa ekari mbili mahali alipotarajia tano. Alikwenda ofisini na kigoda begani. Walimcheka. Lakini alikirudisha nyumbani na kukikalia maisha yake yote, na watoto wake walijua kuhesabu kwa kupitisha vidole kwenye ukingo ule. Mikato ishirini na saba, anasema cucu. Sasa inabidi tumwamini yeye tu, kwa sababu mimi, mwenye miaka mitatu ya chuo kikuu, nilifuta daftari.

Sikutupa zile 150 za vanishi kwa nia mbaya. Hakuna anayefuta kwa nia mbaya. Tunafuta kwa sababu tumefundishwa kwamba kitu kizuri ni kitu kipya, na kwamba alama ni aibu.

Kuna atakayesema: kigoda sawa, lakini bunduki? Kwa nini mtu alilie chombo cha kuua? Ziyeyushwe zote tutengeneze majembe. Nasikia. Sipendi bunduki, sijawahi kutamani kumiliki hata moja. Lakini kabla hujayeyusha, jua unachoyeyusha. Katika makumbusho, hapa na Uingereza, ziko bunduki za Mau Mau zilizotengenezwa kwa mkono: bomba la maji ndio mtutu, komeo la mlango ndio boliti, vipande vya mpira wa tyubu ndio springi. Ziangalie vizuri. Kila tupa ilipopita inaonekana. Unaona mahali fundi alikosea akarudia. Hakuna kiwanda, hakuna namba, na nyingine zilikuwa hatari kwa mfyatuaji karibu sawa na kwa adui. Ukizing'arisha zinakuwa takataka ya bomba. Zikiwa na kutu yake, ni ushahidi kwamba watu walioambiwa hawana akili ya mashine walikaa msituni wakaifikiria mashine mpaka ikafyatuka.

Ushahidi. Hilo ndilo neno nililokuwa natafuta miezi saba.

Huko Montana kuna uwanja wa vita wa Little Bighorn. Tarehe 25 Juni 1876 Walakota na Wacheyenne walimmaliza Custer na kikosi chake. Baadhi ya wapiganaji hao walikuwa na bunduki za Henry na Winchester, zile za leva, dhidi ya askari wenye bunduki za kupakia risasi moja moja. Mwaka 1983 moto ukateketeza nyasi za pale, wanaakiolojia wakaingia, wakaokota maganda ya risasi yaliyokaa ardhini zaidi ya miaka mia. Pini ya kila bunduki inapogonga risasi huacha alama yake kwenye ganda, kama kidole gumba kwenye kitambulisho. Kwa alama hizo waliweza kufuata bunduki moja moja ilivyotembea uwanjani: ilifyatua hapa, ikahamia pale. Wenyeji walikuwa wamesimulia vita hivyo tangu mwanzo na wengi wakapuuza. Maganda yakaunga mkono mengi waliyosema.

Tarehe 25 Juni. Sisi pia tunayo yetu. Mwaka 2024 tulikuwa barabarani, Bunge likaingiwa, na wenzetu wakapigwa risasi wakafa. Wewe unayesoma labda ulikuwepo, au ulikuwa umeshika simu usiku kucha ukitafuta mtu. Siku kama hiyo ganda moja kwenye lami, na alama ndogo ya pini juu yake, linaweza kusema kile ambacho msemaji wa serikali hatasema. Lakini kuna watu hupenda sana ufagio asubuhi inayofuata. Ukuta upakwe rangi, damu ioshwe, duka lifunguliwe, tusonge mbele. Kusonga mbele ndiyo vanishi ya taifa hili. Tumepakwa makoti mengi tangu 1963 mpaka ukingo wetu ni duara safi, na mtu akipitisha kidole hapati hesabu.

Ndio maana siwezi kuziona zile video kama burudani tu. Zinafundisha jicho. Zinafundisha mtoto wa miaka kumi na tano mwenye bando la shilingi ishirini kwamba kitu kimetengenezwa vizuri ikiwa huwezi tena kujua kilipitia nini. Akikua na jicho hilo atakuwa diwani anayebomoa jengo la zamani kwa sababu ni chafu. Atakuwa mhariri anayekata sentensi mbili. Atakuwa mimi na kopo langu.

Kwa mafundi wa bunduki na wa vitu vyote, ombi langu ni dogo. Kabla ya kugusa, piga picha. Uliza nani aliibeba. Zuia kinachokula, badilisha kilichokufa, na chochote kingine kiache. Ukishaifunga tena na leva ikapiga chak-chak vizuri, kazi yako imekwisha. Zima hilo gurudumu.

Na bosi wangu, kama kuna mtu atakutafsiria haya: skripti ya mwisho uliyonitumia nimeirudisha bila kuiandika. Ilikuwa Winchester ya 1894 yenye mikato midogo upande wa kitako, saba, imepangwa sawasawa. Maelekezo yako yalisema fundi aijaze na kuilainisha. Sijui ilikuwa hesabu ya nini. Swala, madeni, miezi, watu. Nilichojua ni kwamba kuna mtu alikaa chini na kisu akahesabu, na sikutaka kuwa mkono wa pili.

Cucu amekikubali kigoda. Anakikalia akimenya viazi. Vanishi imeanza kubanduka pembeni kwa sababu ya moshi, na safari hii sitagusa.